Bayomedi si kozi ya waliokosa udaktari: waulize kondoo wa Naivasha

Binamu yangu alinipigia simu Jumapili usiku. Majina ya wanaoitwa vyuo vikuu yalikuwa yametoka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

"Nimeitwa bayomedi," akasema.

Nikamwambia hongera. Akanyamaza kidogo, halafu: "Hongera ya nini sasa? Si hiyo ndiyo kozi ya waliokosa udaktari?"

Nilitaka kumjibu papo hapo lakini nikashindwa, kwa sababu miaka mitatu iliyopita mimi ndiye niliyekuwa nikilia hivyo. Niliomba udaktari, pointi zikakataa, nikaitwa sayansi ya bayomedikali. Likizo ile yote hapa Nakuru, kila mtu wa mtaa aliniuliza swali moja: "Kwa hivyo utakuwa daktari?" Nikisema hapana, "Basi nesi?" Hapana. "Ama ni wale wa kutengeneza mashine za hosi?" Hapana. Mwishowe shosho akaamua kuwaambia watu wa kanisani kwamba nasomea "mambo ya damu". Na wasee, kati ya wote waliowahi kujaribu kueleza kozi yangu, shosho ndiye aliyekaribia zaidi.

Kwa hivyo hii si posti ya kumpa mtu moyo. Za hivyo ziko nyingi na hazisaidii. Hii ni posti ya historia, kwa sababu mimi sikuacha kuionea kozi yangu aibu kwa kuambiwa "amini ndoto zako". Niliacha siku niliyojua kilichotokea kando ya Ziwa Naivasha mwaka 1930, na kwamba kilihusu bucha ya babangu.

Kwanza tuelewane

Kuna kozi nne ambazo watu huzichanganya, na ukizichanganya kwenye fomu utalia miaka minne.

Mwanafunzi wa udaktari anafunzwa kumtibu mgonjwa aliyelala mbele yake. Mwanateknolojia wa maabara ya tiba anafunzwa kupima sampuli ya huyo mgonjwa na kutoa jibu ambalo daktari ataliamini. Mhandisi wa vifaa vya tiba anahakikisha mashine zinafanya kazi. Sayansi ya bayomedikali inauliza swali lililo nyuma ya hao wote: huu ugonjwa ni nini hasa? Umetoka wapi, unaingia mwilini vipi, mwili unapigana nao vipi, na tukikutana nao tena tutaujuaje?

Ndiyo maana unasoma biokemia, mikrobiolojia, vimelea, kinga ya mwili na jeni. Ndiyo maana pia hakuna mtu wa mtaani anayekuelewa. Mgonjwa anamwona daktari. Hamwoni mtu aliyetumia miaka sita kujua kwamba ugonjwa wake una jina.

Sasa, sisi watu wa Nakuru tuna jambo la ajabu. Kuna magonjwa mawili ambayo vitabu vya dunia nzima vimeyapa jina la nyumbani kwetu. Moja limebeba jina la Nakuru yenyewe. Lingine limebeba jina la bonde lote. Nimeuliza marafiki kumi waliosomea sekondari hapa hapa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuambiwa darasani.

Ng'ombe wanaokonda kwenye nyasi nzuri

Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilimpa Lord Delamere ekari 100,000 upande wa Njoro, kwa mkataba wa miaka 99. Kwa macho tu, ilikuwa ardhi ambayo mfugaji yeyote angeitamani: nyasi, hewa baridi, nafasi hadi macho yachoke. Lakini Wamaasai, ambao walijua malisho ya bonde hili kuliko mtu yeyote, hawakuwa wakilisha pale. Mwenye akili angejiuliza kwa nini.

Jibu Delamere alilipata kwa hasara. Mifugo aliyoileta ikafa, mingine kwa maambukizi, mingine ikidhoofika tu. Mwishowe akahamishia mifugo yake Soysambu, kule Elmenteita, na Njoro akapanda ngano.

Ule udhoofu baadaye ulipewa jina: nakuruaitisi. Mnyama amesimama kwenye nyasi za kijani lakini hamu ya kula inaisha, anakonda, damu inapungua, mwisho anakufa akiwa amezungukwa na chakula. (Wenzangu wa sayansi mtacheka: mwisho wa "aitisi" kwa kawaida humaanisha kuna kitu kimevimba. Hapa hakuna kilichovimba. Aliyelitunga alikuwa na haraka.) New Zealand walikuwa na ugonjwa huo huo wakauita wa msituni, Australia wakauita wa pwani. Kila mtu alidhani ni tatizo la kwake peke yake.

Mwaka 1935 watafiti wa Australia wakaonyesha kwamba kilichokosekana ni kobalti, madini ambayo mnyama anahitaji kidogo sana. Udongo wa sehemu fulani hauna ya kutosha, basi nyasi hazina, basi ng'ombe hana. Mwaka 1948 ndipo mambo yakaungana: vitamini B12 ikatengwa, na ndani yake kukakutwa kobalti. Vijidudu vilivyo tumboni mwa ng'ombe huchukua ile kobalti vikatengeneza B12, na mnyama akaitumia kuunda damu. Hakuna kobalti, hakuna B12, hakuna damu. Dawa yake? Chumvi ya kulamba iliyotiwa kobalti kidogo. Basi.

Na usidhani hii ni stori ya ng'ombe tu. Wewe mwenyewe huwezi kutengeneza B12. Unaipata kwenye maziwa, nyama na mayai. Ile chai ya maziwa uliyokunywa asubuhi ilikuletea kazi ya vijidudu vya tumbo la ng'ombe fulani wa Molo au Subukia. Shosho alisema "mambo ya damu", nikawaambia alikuwa karibu.

Ninachokipenda kwenye stori hii ni mpangilio wake. Wafugaji walijua NI WAPI pasipofaa. Ilichukua sayansi miaka zaidi ya thelathini kujua KWA NINI. Bila wa kwanza, hujui pa kutafuta. Bila wa pili, huwezi kutibu. Hao wawili hawakuwahi kuketi meza moja, na hasara yake ilikuwa mizoga.

Naivasha, 1930

Sasa twende kilomita sabini hivi kutoka hapa, kando ya Ziwa Naivasha.

Kabla sijasema chochote kuhusu mashamba ya Naivasha, kumbuka yalikuwa ya nani. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa ya kati wakapelekwa Laikipia. Mwaka 1911 wakaondolewa tena Laikipia wakasukumwa kusini. Walienda mahakamani 1913, kesi ikatupwa. Kwa hivyo kufika 1930, malisho ya Naivasha yalikuwa mashamba makubwa ya walowezi, yenye kondoo wa kigeni, na Waafrika walikuwa pale kama wachungaji wa kuajiriwa.

Mwaka huo mvua ilikuwa nyingi. Katika shamba moja karibu na ziwa, wana-kondoo wakaanza kufa. Walikuwa wanakufa siku chache tu baada ya kuzaliwa, ghafla, kwa wingi. Kondoo wenye mimba wakaharibu mimba. Ukimpasua aliyekufa, ini limeharibika kabisa. Si mara ya kwanza: mapema katika miaka ya 1910 maofisa wa mifugo walikuwa wametaja ugonjwa unaofanana na huo. Lakini hakuna aliyejua ni nini.

Kutoka maabara ya mifugo ya Kabete wakaja Robert Daubney na J. R. Hudson. Upande wa binadamu akawepo daktari wa serikali, P. C. C. Garnham. Walichofanya ndicho ninachotaka binamu yangu akione, kwa sababu ni somo zima la bayomedi ndani ya shamba moja.

Walichukua sampuli kutoka kwa kondoo mgonjwa, wakaipitisha kwenye chujio laini sana ambalo bakteria hawawezi kulipenya. Kile kilichopita, ambacho kwa hadubini ya wakati ule hukioni kabisa, wakamdunga kondoo mzima. Akaugua vile vile. Maana yake ni moja: kinachoua ni kidogo kuliko bakteria. Ni virusi. Hakuna aliyekuwa amekiona, lakini walishajua kipo kwa sababu ya kile kilichofanya. Hiyo ndiyo kozi, wasee. Kumshika mwizi kwa nyayo zake.

Wakaona pia kwamba kondoo waliohamishiwa nyanda za juu waliacha kufa. Kuna nini huku chini kando ya maji ambacho hakipo kule juu kwenye baridi? Wakashuku mbu. Uthibitisho ulikuja baadaye Uganda, ambapo mwaka 1944 watafiti wa Entebbe waliwapata mbu wa msitu wa Semliki wakiwa wamebeba virusi hivyo.

Halafu kuna wachungaji. Wachungaji wa kondoo wale waliugua karibu wote: homa kali, kichwa, maumivu ya misuli na mgongo. Wao ndio waliothibitisha kwamba huu si ugonjwa wa kondoo peke yao. Unahamia kwa binadamu, kwa mbu, na kwa kugusa damu na mimba zilizoharibika.

Mwaka 1931 ripoti ikachapishwa, na ugonjwa ukapewa jina la bonde letu: homa ya Bonde la Ufa.

Daubney. Hudson. Garnham. Hayo majina utayakuta kwenye kila kitabu cha virolojia. Garnham alikuja kuwa mtu mkubwa kweli. Mwaka 1948, akiwa London na mwenzake Shortt, alionyesha kwamba vimelea vya malaria hujificha kwanza kwenye ini la binadamu. Sina ubaya nao. Walifanya kazi hatari: virusi hivi viliwaambukiza watafiti wenyewe, London mwaka 1932 kukaripotiwa wafanyakazi wa maabara walioambukizwa, na mwaka 1934 madaktari wa Marekani wakaandika kuhusu mtafiti aliyekufa baada ya kuambukizwa maabarani.

Lakini wale wachungaji? Katika kila simulizi niliyosoma, wao ni "wachungaji". Ugonjwa ulipata jina. Kondoo walipata takwimu. Wao waliotoa homa yao kama ushahidi hawakupata chochote.

Bucha ya Mzee

Sasa nieleze kwa nini hii ni yangu.

Mzee wangu alikuwa na bucha ndogo huku mtaani. Bucha ya kawaida: mizani, gogo la kukatia, kalenda ukutani, na redio. Mwishoni mwa 2006 mvua ilikuwa imepiga sana, ile ya El Niño. Desemba wagonjwa wa kwanza wakaonekana Garissa, na kwenye redio kukaanza kutajwa homa inayotoka kwa mifugo. Mwanzo wa 2007 ikafika hadi Baringo, jirani zetu hapa. Mwishowe Kenya ilipoteza zaidi ya watu 150. Kuchinja kukapigwa marufuku sehemu fulani, masoko ya mifugo yakafungwa, na hata mahali pasipo na mgonjwa watu wakaogopa nyama. Kuku akapanda bei.

Nyama iliyokaguliwa na kupikwa vizuri haikuwa na shida. Hatari ilikuwa kwa wanaochinja, wanaogusa damu, wanaokamua na kuzalisha mifugo wagonjwa. Lakini nani angesimama pale kwa Mzee awaelezee wateja hivyo? Nyama ikaoza siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Machi alikuwa ameuza mizani. Hakurudi tena kwenye biashara ile. Siku hizi anauza vipuri vya pikipiki, na mpaka leo hapendi kuizungumzia.

Alichokuwa akisema, tukimbana sana, ni: "Ni ule ugonjwa wa Garissa."

Mwaka wangu wa pili chuoni, mhadhiri akaweka slaidi ya kwanza ya somo: homa ya Bonde la Ufa, Naivasha, 1930. Nilikaa pale nikiitazama. Baada ya darasa nikampigia Mzee. Nikamwambia, ule ugonjwa si wa Garissa, uligunduliwa hapa Naivasha, miaka sabini na sita kabla haujafunga bucha yako. Akanyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo sijawahi kulijibu vizuri: "Sasa kama walijua miaka hiyo yote, mbona hakuna aliyetuambia?"

Mayai yanayosubiri mvua

Nusu ya jibu ni ya kisayansi, na ni noma kidogo.

Kuna mbu wa jamii ya Aedes anayetaga mayai kwenye udongo wa mabonde madogo yanayotuama maji. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanakaa pale kwenye vumbi, miaka hata mingi, na baadhi yake tayari yana virusi ndani, urithi kutoka kwa mama. Mvua kubwa ikija, bonde linajaa, mayai yanaanguliwa, na mbu wanaruka wakiwa na virusi kabla hata hawajamuuma mnyama yeyote. Wanamuuma ng'ombe, mbu wengine wanachukua kutoka kwa ng'ombe, na moto unawaka.

Ndiyo maana ugonjwa unapotea tunasahau, kisha unarudi. Mwaka 1950 na 1951 uliua kondoo kama 100,000 nchini. Baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998 ukaua mamia ya watu Kenya na Somalia. Mwaka 2000 ukavuka bahari hadi Saudi Arabia na Yemen, mara ya kwanza kuonekana nje ya Afrika. Fikiria hilo: mgonjwa wa Jizan anaambiwa ana homa ya mahali ambapo hajawahi kupasikia, mahali ambapo sisi tunapanda matatu. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri magonjwa mapya yasipewe tena majina ya mahali. Kwetu ushauri huo ulichelewa miaka themanini na kitu.

Nusu nyingine ya jibu si ya sayansi. Baada ya mlipuko wa 2006 na 2007, watafiti walirudi kuongea na wafugaji Wasomali wa kaskazini mashariki. Kumbe wale wazee walikuwa na jina lao la ugonjwa, sandik, yaani pua inayotoka damu. Walikuwa wameona mvua, wameona mbu wengi kupita kawaida, wameona mimba zikiharibika, na wakajua kinachokuja, mapema na kwa usahihi kuliko mfumo rasmi wa tahadhari.

Umeona? Ni Njoro tena. Wenye mifugo wanajua, wenye maabara wanajua, na katikati hakuna mtu wa kubeba habari. Bucha ya Mzee ilifungwa pale katikati.

Shule iliyojengwa si kwa ajili yetu

Halafu kuna mahali ninaposomea. Mwaka 1939 Lord Maurice Egerton alitoa ekari 740 kule Njoro, ikaanzishwa shule ya kilimo kwa vijana wa Kizungu. Ni yule yule wa kasri la Ngata, pale tunapoenda kupiga picha za mahafali. Mwaka 1950 shule ikawa chuo cha kilimo. Mwaka 1958 alitoa ardhi nyingine, akafa mwaka huo huo, na baada ya hapo ndipo milango ikafunguliwa kwa watu wa rangi zote. 1986 kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na 1987 kikawa Chuo Kikuu cha Egerton.

Yaani mwaka ambao shule ile ilifunguliwa, mtoto wa mchungaji wa Naivasha, yule aliyeugua homa ya 1930, hangeweza kuingia darasani. Angeingia kufagia. Leo nikivuka ile nyasi asubuhi, baridi ya Njoro ikiniuma masikio, huwa nakumbuka hilo. Sisemi kwamba kila kitu kiko sawa siku hizi. Karo inajulikana, hela ya kukodi chumba inajulikana, na maji ya hosteli ni stori ya siku nyingine. Nasema tu kwamba kile kiti ulichopewa ukakidharau kuna watu hawakuruhusiwa hata kukigusa.

Na Njoro si kijijini kwa sayansi, tusidanganyane. Ile shida ya kutu ya ngano iliyomsumbua Delamere ndiyo iliyoleta utafiti wa ngano pale. Ugonjwa mkali wa kutu uitwao Ug99 ulipogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ngano kutoka nchi nyingi ikaanza kuletwa Njoro kupimwa kama inaweza kuuhimili. Dunia inaleta mbegu zake kwetu. Sisi tunapanda basi kwenda Nairobi kutafuta "mahali mambo hufanyika".

Nani anaandika sura inayofuata

Kuna chanjo za mifugo za homa ya Bonde la Ufa, na zipo miaka mingi. Chanjo iliyoidhinishwa kwa binadamu bado hakuna. Lakini kuna moja inayokaribia, na mmoja wa walio mbele kuitengeneza ni Mkenya, George Warimwe, anayefanya kazi kati ya KEMRI-Wellcome kule Kilifi na Oxford. Wazo lake ni rahisi kusema na gumu kufanya: chanjo moja inayoweza kutumika kwa binadamu na kwa mifugo. Inatumia mbinu ile ile iliyotumika baadaye kwa chanjo ya korona ya Oxford na AstraZeneca, ambayo pengine uko nayo mkononi. Imeshajaribiwa kwa watu Uingereza na Uganda.

Ona mstari ulivyokwenda. 1930, Mwafrika yuko kwenye stori kama mchungaji mwenye homa. Sasa yuko kwenye stori kama anayeandika jina lake juu ya karatasi. Huo mstari haukujivuta wenyewe. Kuna watu waliketi kwenye madarasa ya biokemia wakiulizwa na mashangazi zao, "Kwa hivyo utakuwa daktari?"

Nilichomwambia binamu

Nilimpigia Jumanne. Sikumwambia "kubali tu, Mungu ana mpango". Nilimwambia mambo matatu.

La kwanza, fungua macho. Kazi hazijakupangia foleni. Kabla hujakubali kozi yoyote ya afya, uliza ni bodi gani inasajili wahitimu wake na itakuruhusu kufanya nini. Ukitaka kupima sampuli za wagonjwa hosi, kuna bodi ya maabara za tiba iliyowekwa na sheria ya 1999, na lazima kozi yako itambuliwe na hiyo bodi. Uliza sasa, kwa maandishi, si mwaka wa nne ukiwa na gauni la mahafali. Bayomedi inaelekea zaidi kwa utafiti, na utafiti mara nyingi unataka digrii ya pili. Kama roho yako iko kwa mgonjwa aliyelala kitandani, tafuta njia ya kuhama na usione haya.

La pili, kama unabaki, usibaki ukiwa nusu. Nimeona wenzangu waliokaa miaka minne wakisubiri maisha yao halisi yaanze. Wanasoma homa ya Bonde la Ufa kama swali la mtihani, na wanaishi ndani ya Bonde la Ufa. Maziwa yetu yamepanda, Nakuru, Naivasha, Baringo, watu wamehama nyumba zao. Mvua zinabadilika. Mayai yako kwenye udongo.

La tatu, jifunze kueleza. Swali la Mzee, "mbona hakuna aliyetuambia?", halikuwa swali la virusi. Lilikuwa la mtu aliyestahili mtu mmoja tu, anayejua sayansi na anayejua Kiswahili cha bucha, aje asimame pale kando ya mizani aseme: nyama hii imekaguliwa, ipike vizuri, ule.

Akanyamaza tena. Halafu akaniuliza, "Chumba Njoro ni pesa ngapi?"

Nikamtajia. Akashtuka, tukacheka, tukaanza kupiga hesabu.